Si kila la kweli linakuhusu

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyofanyika Usenge baada ya swala ya Asr, pamoja na vijana wa hapa, wa Uhanya, na wenzetu waliovuka kutoka Mageta. Tumeyaacha karibu vile yalivyosemwa.

 

Ndugu zangu na dada zangu, toeni simu. Najua kila mkutano wa vijana mnaambiwa mzime simu, leo ni kinyume. Fungua WhatsApp, ingia kwenye lile grupu lenye kelele kuliko yote, uangalie jumbe kumi za mwisho. Ngapi zinakuhusu wewe, unayeishi huku Yimbo, wiki hii? Nasikia moja. Nasikia hakuna. Huyu ndugu nyuma anasema mbili, na moja ni bei ya omena. Sawa, hiyo inakuhusu kabisa, usiifute.

Tumeongea sana kuhusu habari za uongo. Kila shirika likija na maji ya chupa na fulana, mada ni hiyo hiyo. Ni mada nzuri, na aya ya sita ya Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Lakini leo nataka kitu kingine, ambacho kwa maoni yangu kinatuibia zaidi. Ni habari ya kweli ambayo si yako. Hiyo inapita mlangoni bila kuulizwa kitu kwa sababu haina kosa, halafu inakaa juu ya ile uliyoihitaji.

Nitoe mfano wa hapa hapa Siaya. Tarehe 29 Septemba 2025 IEBC ilianza tena kusajili wapiga kura nchini. Sehemu zilizokuwa zinangoja uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba ziliachwa nje kwanza, na Ugunja ilikuwa mojawapo. Sasa ujumbe ukaanza kuzunguka: usajili umesimama mpaka uchaguzi mdogo uishe. Je, ni uongo? Hapana. Kwa mtu wa Ugunja ulikuwa ukweli mtupu. Lakini ulipofika Bondo ulikuwa umeshapoteza jina la mahali njiani, na kuna vijana huku kwetu waliokaa nyumbani wakingoja kitu ambacho hakikuwa chao. Ukimuuliza leo kama ana kura, anakwambia walisema imefungwa. Nani walisema? Walisema tu.

Habari inaharibika kwa mahali, na inaharibika kwa saa. Mnakumbuka wiki ile ya Oktoba 2025 tulipompoteza Raila Odinga. Mwili ulipofika Nairobi tarehe 16, mipango ya mwanzo ilikuwa watu wamuage Bunge, halafu kwa sababu ya umati ikahamishiwa Kasarani. Tangazo la asubuhi halikuwa feki, lilikuwa limechacha. Na siku mbili baadaye, mwili ulipokuwa unaletwa Mamboleo, Kisumu, kabla ya mazishi Bondo tarehe 19, sisi wa huku tulihitaji vitu vitatu tu: barabara gani, saa ngapi, uwanja upi. Simu zilikuwa zimejaa Nairobi, mijadala ya nani atarithi chama, na video za kuliza watu. Kuliza si dhambi, tulikuwa tunaomboleza. Lakini mama mwenye duka barabarani alikuwa anauliza kama matatu zitapita, na hakuna mtu kwenye grupu zima aliyeweza kumjibu.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi kama mtu wa harakati. Hijabu shuleni.

Kila shule zikifunguliwa, kuna klipu na picha za gazeti zinazorudi: mahakama imeruhusu hijabu, shule haiwezi kumzuia mtoto wako. Ni kweli Mahakama ya Rufaa iliamua hivyo, katika kesi ya ile shule ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo. Ilikuwa Septemba 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikauweka kando uamuzi huo, zaidi kwa sababu ya jinsi dai la hijabu lilivyoingizwa kwenye kesi, ikaacha mlango wazi kwa anayetaka kulifungua upya kwa utaratibu. Kwa hiyo hiyo klipu imekufa tangu 2019, lakini bado inatembea.

Mzazi mmoja wa upande huu aliifuata. Alifika langoni na binti yake, mwalimu akamwambia atoe kitambaa, naye akatoa simu na kumwonyesha klipu. Mwalimu, ambaye alikuwa amejiandaa kuliko yeye, akamwambia nenda usome iliyofuata. Wakarudi nyumbani wote wawili. Kinachouma ni kwamba alikuwa na hoja nzuri ya kubeba: Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dini na kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, na cha 27 kinakataza ubaguzi. Angeweza kuandika barua kwa bodi ya shule, na nakala kwa ofisi ya elimu. Angeweza kutupigia tumsindikize. Badala yake alibeba kitu kilichofowadiwa na watu elfu, wote wakimtakia heri, na hakuna hata mmoja aliyeangalia mwaka.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Hakuna aliyemdanganya mzazi huyu.

Kwa nini simu inatufanyia hivi? Haina uadui na wewe. Facebook, TikTok na Instagram hazikupangii habari kwa kuangalia ipi ina umuhimu kwako. Mtambo wao unakisia utasimama wapi, utabonyeza nini, utakasirikia nini, halafu unakuongezea hicho. Kadiri unavyokaa ndivyo matangazo ya biashara yanavyopita mbele yako, na hapo ndipo pesa yao ilipo. Sasa fikiria tangazo la kikao cha bajeti ya kaunti. Halichekeshi, halina muziki, halimtukani mtu. Lina alama tatu za kupenda, na moja ni ya aliyeliandika. Litazama hata kabla hujaamka. Kwa upande mwingine, kabla ya uchaguzi wa 2022, Odanga Madung alifanya utafiti kwa ajili ya Mozilla kuhusu TikTok hapa Kenya: alipitia video zaidi ya 130 kutoka akaunti 33, za chuki na upotoshaji wa kisiasa, na zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni nne. Hasira inaelea, tangazo linazama.

Kwa hiyo ukingoja simu ikuletee haki yako, utangoja sana. Matangazo ya maana inabidi uyafuate mwenyewe, na uzuri wake ni kwamba mengi yana majira kama mvua. Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Waraka unaoweka mipaka ya matumizi hufika mapema zaidi, kufikia 28 Februari. Ukijua tarehe hizo, unajua wiki gani za kuchungulia ukurasa wa kaunti na ubao wa ofisi ya chifu. Ndiyo, ubao wa karatasi. Haujawahi kunionyesha video ya paka.

Kuna mtu ataniambia, ndugu, unataka tuwe wabinafsi. Gaza hainihusu? Swali zuri, na sitalikwepa. Gaza inakuhusu. Umma ni mmoja. Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu kile tunachofanya saa saba usiku. Video ya kwanza imekuhuzunisha, ukaomba dua, labda ukatoa sadaka. Video ya kumi na tano imekufanya nini? Imemaliza bando ya mbao na umekosa Alfajiri. Na angalia kitu kingine. Sudan inaungua tangu Aprili 2023, Waislamu kwa Waislamu, majirani zetu wa bara hili. Inueni mikono wale ambao wiki hii simu imewaletea habari ya Sudan bila kuitafuta. Mikono miwili, ukumbi mzima. Kwa hiyo si wewe uliyechagua ni ndugu yupi wa kumlilia. Umechaguliwa. Mimi nasema chagua mwenyewe: chombo kimoja au viwili unavyoviamini, muda maalum, usome mpaka uelewe, halafu ufunge. Atakayefanya hivyo atajua kuhusu Gaza na Sudan kuliko anayeskrol usiku kucha.

Na jambo hili si geni kwetu, hatujaazima kwa wazungu wa teknolojia. Imam Nawawi ameweka katika Arubaini zake, ya 12, hadithi inayotufundisha kwamba mtu kuacha yasiyomhusu ni katika uzuri wa Uislamu wake. Haisemi yasiyo ya kweli. Yasiyomhusu. Na Imam Bukhari, ambaye wanavyuoni wanasimulia kwamba aliteua kutoka kwa mapokezi kama laki sita, kitabu chake kina hadithi zaidi ya elfu saba kidogo ukihesabu zinazojirudia. Mara nyingi tunasimulia hiyo kana kwamba zote alizoacha zilikuwa mbovu. Imepokewa kutoka kwake kwamba aliacha nyingi zilizo sahihi pia, ili kitabu kisirefuke. Fikiria hapo. Sahihi, na bado akaiacha nje, kwa sababu alijua anachotengeneza ni nini.

Mama zetu hapa ufukweni wanalijua hili bila darasa. Akianika omena, anatoa fulu mmoja mmoja na vipande vya majani. Fulu si sumu, ni samaki. Lakini mteja wa Kisumu hakuja kwa fulu.

Haya, turudi kwenye simu mkononi. Kitu cha kwanza tufanye sasa hivi: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime kupakua picha na video kwa yenyewe. Kuanzia leo kitakachoingia ni kile ulichobonyeza, na bando yako itakushukuru. Grupu ambalo huwezi kutoka, kama lile la ukoo, na hapa natabasamu kwa sababu mjomba yuko kwenye hilo na kila asubuhi lazima maua yafike, hilo lizime sauti moja kwa moja na ulihifadhi kando. Hakuna atakayejua. Facebook inakuruhusu kuteua kurasa hadi 30 zitangulie mbele ya nyingine. Weka IEBC, kaunti, Idara ya Hali ya Hewa, na ukurasa huu wetu ukipenda. TikTok ina mahali pa kuandika maneno usiyotaka video zake, na ukibonyeza kwa muda juu ya video unaweza kusema huipendi. Fanya hivyo wiki moja bila huruma, utaona inabadilika.

Kisha angalia mishale. Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 WhatsApp inakuruhusu kuupeleka mahali pamoja tu kwa wakati. Mishale miwili haimaanishi uongo. Inamaanisha aliyekutumia hajui ulikotoka, sanad imekatika. Hapo uliza ni wa lini, ni wa wapi, na mimi nitaufanyia nini. Ukikosa jibu hata la moja, uache ufe kwako. Usiurudishe ziwani.

Mimi na wenzangu tumeamua grupu la vijana la hapa ligawanywe. Moja litabaki la stori, mpira, Arsenal na vituko vyenu, sina ugomvi nalo. La pili litakuwa la matangazo peke yake, wasimamizi ndio watakaoandika, na kila tangazo litakuwa na tarehe, mahali, na jina la ofisi ilikotoka. Kama wiki haina tangazo, litakaa kimya. Msije kuniambia grupu limekufa. Natafuta dada wawili na kaka mmoja wa kulisimamia, na mmoja angalau awe wa Mageta, kwa sababu ratiba ya boti na ya ofisi haziendi pamoja na sisi wa bara huwa tunasahau hilo.

Tangazo la kwanza ni hili, na nimelihakikisha mwenyewe. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama una miaka 18 na una kitambulisho, na jina lako haliko kwenye daftari, nenda ofisi ya IEBC ya jimbo, Bondo, ukiwa na kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu. Ambaye hana kitambulisho abaki hapa baada ya dua, tuna meza pale mlangoni na tutaandika majina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.