Kitenzi Kinatazama Wapi? Kufundisha Sarufi ya Kiingereza kwa Maana
Mhadhara wa umma



Kuna kauli iliyoota mizizi madarasani mwetu: kwamba Kiingereza hakina sababu ya kusema "want to go" na kukataa "want going", wala ya kukubali "enjoy reading" na kukataa "enjoy to read". Mwanafunzi hupewa orodha mbili, ya vitenzi vinavyofuatwa na "to" na ya vinavyofuatwa na "-ing", akaambiwa akariri. Jioni hii nimekuja kuipinga kauli hiyo.

Historia nitaipitia haraka, kwa kuwa wenzangu wa isimu wanaijua. Katika Kiingereza cha kale kitenzi-jina kiliishia kwa "-an", na "to" ilikuwa kihusishi cha kuonyesha uendako. Viishio vikachakaa, "to" ikabaki. Wapinzani wangu husema ilibaki kama ganda tupu. Mimi nasema mwelekeo wake ungalimo. Tazameni vitenzi vinavyoandamana nayo: want, hope, plan, decide, promise. Vyote vinaelekea jambo ambalo bado halijatendeka. Kisha tazameni enjoy, finish, admit, deny: hivi vinashika jambo lililopo, au linalozungumzwa kana kwamba limekwisha kuwapo.

Ushahidi wangu mkubwa ni kitenzi "remember", kinachokubali maumbo yote mawili. Nilipokuwa nafundisha sekondari niliandika ubaoni: "Mlinzi alikumbuka kufunga lango." Nikauliza, kipi kilitangulia, kukumbuka au kufunga? Darasa likagawanyika. Wengine walimwona mlinzi akikurupuka kitandani kwenda kufunga; wengine walimwona asubuhi akieleza kwamba usiku alifunga. Kiswahili, kwa "ku-" yake moja, kinaruhusu zote mbili na kuuachia muktadha uamue. Ndipo nikaandika sentensi mbili za Kiingereza, "remembered to lock" na "remembered locking", nikawaambia wazigawe. Wanafunzi walioshindwa kabisa kukariri orodha walizigawa bila kusita: ya kwanza kwa mlinzi anayekwenda langoni, ya pili kwa mlinzi aliyekwisha kutoka huko. Kama maumbo haya hayana maana, wanafunzi wale waliongozwa na nini?

Hapa namshukuru Dwight Bolinger, mwanaisimu wa Marekani aliyefundisha Harvard. Mwaka 1968 alieleza kwamba kitenzi-jina huelekea kwenye jambo la kudhaniwa, ilhali "-ing" hulichukua jambo kama kitu halisi. Mwaka 1977 akatoa kitabu chake Meaning and Form, ambacho sijachoka kukisoma. Bolinger hakutafuta data za ajabu. Alichukua sentensi ambazo mtu yeyote husema mezani, akabadilisha neno moja, akasikiliza kilichobadilika. Imani yake ilikuwa kwamba lugha haiweki maumbo mawili kwa kazi ileile moja. Penye tofauti ya umbo, tafuta tofauti ya maana. Kwangu hiyo ndiyo adabu ya kwanza ya mwalimu wa sarufi.

Wapinzani wana hoja moja nzito, na ni haki kuipima. "Avoid", "postpone" na "suggest" hudai "-ing", ingawa tendo lenyewe huwa bado halijafanyika. Nakubali kwamba mwelekeo wa wakati peke yake hauvielezi. Naweza kujibu kwamba anayeahirisha au kupendekeza huliweka jambo mezani kama kitu cha kujadiliwa. Lakini "refuse" nacho hukataa jambo lililowekwa mezani, na bado hudai "to". Vitenzi vya namna hii mwanafunzi atavikariri, hakuna njia ya mkato. Hata hivyo, vitenzi vichache vinavyokaidi havigeuzi maana kuwa bahati nasibu. Vinatuonyesha mpaka wa kanuni, na kanuni inabaki.

Ombi langu kwa walimu ni hili. Mtoto akiandika "I enjoy to read", msiishie kwenye mkasi wa wino mwekundu. Mwulizeni: kusoma huko unakuelekea, au tayari unako? Anzeni na maana. Orodha ije mwisho, na iwe fupi.