Kijani Chako, Nyekundu Yangu

Msikilizaji, kama umewahi kupita kwenye mataa ya Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni, haya unayajua. Kijani kimewaka, lakini mbele foleni haijasogea. Dereva anaona kabisa hana pa kutokea, ila anaingia. Moyoni anasema: nisipoingia mimi, ataingia wa upande ule. Wa upande ule naye anawaza hivyo hivyo. Punde wote wamebanana katikati ya makutano, na hatoki mtu.

Tumezoea kusema madereva wetu hawana ustaarabu. Mimi nakataa. Ipo elimu ya hisabati iitwayo nadharia ya michezo, inayochunguza maamuzi ya watu, inaowaita wachezaji, ambao faida ya kila mmoja inategemea atakachofanya mwenzake. Mwaka 1950 John Nash wa Marekani aliieleza hali ambayo hakuna anayenufaika kwa kubadilika peke yake, hata kama wote wanaumia. Ndiyo foleni yetu hiyo. Anayengoja peke yake huchomekewa, basi hangoji.

Dawa yake ni nini? Mwaka 1974 Robert Aumann alionyesha kwamba ishara inayotoka nje ya wachezaji inaweza kuwapatanisha. Taa ya barabarani ni ishara ya namna hiyo. Nikiona nyekundu, najua wewe umepewa kijani na utaondoka. Hapo kusimama ni faida yangu mwenyewe. Taa haina mikono ya kumshika mtu. Nguvu yake yote ni imani kwamba na mwenzangu ataitii.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, wamekwenda mbali zaidi. Kwenye majaribio ya kompyuta, walizifanya taa za makutano 59 ya jiji lao zicheze mchezo huo na taa jirani, zikipatana nani aruhusu na nani azuie. Muda wa kusubiri ulipungua kwa wastani wa asilimia 39.

Sisi nasi tunaweza kuzinunua taa hizo. Lakini trafiki akiita magari kwenye nyekundu na kuyazuia kwenye kijani, hata kwa nia njema, dereva anajifunza kuwa taa ni pambo. Ombi langu ni hili: taa iachwe iongoze, na askari asimamie jambo moja tu, asiingie mtu asiye na pa kutokea. Dereva akingoja leo asichomekewe, kesho atangoja bila kuambiwa.