Kuacha Kazi si Kutoroka



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida husemwa usiku, ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini. Kijana amepata kazi. Majirani wamekwisha mpongeza, mama amekwisha mshukuru Mungu, na kabla mwezi haujatimia kijana huyo anajiuliza kama aendelee au aache. Akisema wazi ataitwa mvivu. Akinyamaza ataumia.

Na atazamwe kijana mmoja wa mfano. Ametoka hapa Simbo, amemaliza kidato cha nne, na ameajiriwa mjini Kigoma kupakia na kupakua mifuko ya saruji iendayo Burundi na Kongo kwa njia ya ziwa. Aliambiwa kuwa kazi ni ya saa 8 kwa siku. Anafanya saa 12, siku 6 kwa wiki, bila mapumziko ya kueleweka. Aliahidiwa glavu, mabuti na barakoa. Mpaka leo anapewa neno "wiki ijayo". Mkataba wa maandishi hajauona. Nyapara anayeandika majina asubuhi huwaita watu wazima kwa matusi. Sasa ni wiki ya tatu, na kijana anakohoa. Baba yake anamwambia, "Vumilia, mwanangu, kazi haikosi taabu." Mama hasemi kitu, anayatazama tu macho mekundu ya mwanawe.

Neno hilo la mzee lisichekwe, maana lina historia yake, na historia hiyo ni ya mkoa huu hasa. Wakati wa utawala wa Waingereza, Kigoma haikuhesabiwa kuwa mahali pa kuleta maendeleo bali mahali pa kuchota watu. Reli ilikuwa imefika ziwani tangu 1914, na kwa reli hiyo wanaume wa Buha walisafirishwa kwenda kukata mkonge mkoani Tanga, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Tangu 1944 kazi ya kuwakusanya ilishikwa na chombo cha wenye mashamba kilichojulikana kama SILABU, nacho kiliendelea mpaka 1965, yaani miaka minne baada ya Uhuru. Shambani mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Siku ambayo hakumaliza kiasi cha kazi alichopimiwa haikuandikwa, na kadi isiyojaa haikuleta mshahara kamili.

Na kuondoka je? Chini ya sheria ya 1923 iliyohusu mabwana na watumishi Waafrika, kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kulikuwa kosa la jinai. Mtumishi aliyechoka kuonewa hakuhesabiwa kuwa ameacha kazi, alihesabiwa kuwa ametoroka, na aliweza kupelekwa mbele ya hakimu kama mwizi. Hata hivyo walitoroka, tena wengi. Wenye mashamba walilalamika mwaka hadi mwaka kwamba vibarua hawapatikani, na maofisa wa serikali yao waliandika kwamba Mwafrika hapendi kazi. Hawakutaka kuona kwamba miguu ya watu hao ilikuwa ikisema yale ambayo midomo yao haikuruhusiwa kusema.

Basi mzee anaposema "vumilia" anatoa shauri lililokuwa na maana katika dunia ile. Manamba hakuwa na nauli ya kurudi Kigoma, hakuwa na pa kushtaki, na akiondoka alikuwa mhalifu. Lakini shauri la zama moja likitumiwa katika zama nyingine bila kuangaliwa upya linaweza kumdhuru mtoto. Kijana wa Simbo leo si manamba. Anayo haki ya kuacha kazi, na kwa kuwa ni haki, hapana budi aijue namna ya kuitumia, maana wengi huiharibu kwa hasira ya siku moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, ambazo hufanywa kwa makubaliano na kulipwa mara moja na nusu, wala hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki 4. Hebu ifanywe hesabu ya kijana wa mfano. Saa 12 mara siku 6 ni saa 72. Ukitoa 45 zinabaki 27 kila wiki, na kwa wiki 4 ni saa 108, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Kwa hiyo hata kama angelipwa kila saa ya ziada, na halipwi, bado mwajiri wake angekuwa nje ya sheria. Kijana anayeweza kuifanya hesabu hiyo kwa penseli haitwi mvivu kwa urahisi.

Hata hivyo, taabu zote si za aina moja, na hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Mshahara uliocheleweshwa unaweza kudaiwa. Mkataba ambao haukuandikwa unaweza kuandikwa kesho. Hata matusi ya nyapara yanaweza kukomeshwa na watu wakiungana. Yafaa ikumbukwe kwamba kati ya 1971 na 1974 wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waligoma wakiwa na Mwongozo wa TANU mkononi, na mara nyingi madai yao ya kwanza hayakuwa fedha bali kuheshimiwa na wakuu wao wa kazi. Lakini vumbi la saruji ni jambo jingine. Saruji ikikutana na jasho huunguza ngozi polepole, na vumbi lililokwisha ingia kifuani halidaiwi likarudishwa. Mtu aweza kuvumilia njaa ya mwezi mmoja akitarajia mshahara. Kuvumilia ugonjwa wa mapafu kwa kutarajia barakoa ya "wiki ijayo" ni biashara ya hasara.

Kuondoka nako kuna gharama yake, na si vema kuwaficha vijana. Nyumbani kuna michikichi, lakini mawese yana msimu, na shamba la baba lina watoto wengine. Ziwani nako si kimbilio la kila siku: mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa toka 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na waliotegemea dagaa walikaa miezi mitatu wakitazama maji. Kijana aliyekopa fedha za kodi ya chumba mjini hawezi kuhesabu mambo sawasawa na yule anayelala kwa shangazi yake Ujiji. Kwa hiyo asiyejua mfuko wa mwenzake asimwamulie.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwamba mwezi wa kwanza wa kazi una mlango wake. Ndani ya mwezi huo sheria hutaka notisi isiyopungua siku 7 tu. Baada ya hapo anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kutoa siku 28, na anayelipwa kwa siku au kwa wiki siku 4. Kijana aliye katika wiki ya tatu amesimama penye mlango huo huo. Akingoja bila kusudi, mlango unakuwa mwembamba.

Lakini upande wa pili wa sheria hiyo una makali kwa mgeni wa kazi. Ilipotungwa 2004, ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haukumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Maana yake ni kwamba mgeni anayelalamika peke yake, kwa mdomo, mbele ya nyapara, anaweza kufukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo sababu asiende peke yake. Waende watatu au wanne, pamoja na wale wakongwe ambao nao wanakohoa, na waende na karatasi yenye tarehe: glavu, mabuti, barakoa, saa za kazi, mkataba. Chama cha wafanyakazi kikiwapo kiambiwe. Kisipokuwapo, yuko Afisa Kazi, na upo Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao ukaguzi wa mambo hayo ndiyo kazi yake. Madai ya mshahara na saa za ziada hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na kijana haipotezi haki hiyo kwa sababu tu ameacha kazi.

Ikiwa siku zimepita, barakoa haikuja, na karatasi ile imetupwa, basi kijana na aache kazi, tena asione haya. Ila asiache kwa kutoonekana. Asiyefika kazini siku zaidi ya 5 bila ruhusa amempa mwajiri sababu nzuri ya kuandika anachotaka juu yake, na kule kulala nyumbani kukasubiriwa simu ndiko kunakomrudisha mtu kwenye neno la wakoloni. Wala asitie sahihi barua aliyoandikiwa na mtu mwingine.

Aandike mwenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, sababu zake na siku atakayomaliza. Atengeneze nakala mbili, moja igongwe muhuri au itiwe sahihi ya kupokelewa. Siku zile 7 azifanye kazi, kama kifua kinaruhusu, maana akikataa kufanya kazi katika muda wa notisi mwajiri anaweza kuukata mshahara wake. Siku ya mwisho adai fedha za siku alizofanya na hati ya utumishi, ambayo mwajiri anatakiwa kuitoa hata kwa mtu aliyekaa wiki tatu. Na kabla ya kuipeleka barua hiyo mjini, aisome hapa nyumbani, mbele ya baba yake, polepole, pamoja na ile hesabu ya saa 108.