WAZEE WALIOTOKA MAFIA NA DAFTARI LETU LA USHIRIKA

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyanakili hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shamba au baharini siku hiyo.)

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, sogeeni mkae.

Mkutano uliopita vijana walileta hoja. Walisema kazi ya kusoma daftari kwa sauti kila siku ya mauzo ikome, maana inachelewesha watu juani, na hesabu zote sasa zimo kwenye simu ya mtunza hesabu. Tuliahidi kuijibu hoja hiyo. Lakini hatukutaka kuijibu kwa maneno matupu. Basi tukaenda kukaa na wazee wetu wenye asili ya Mafia, ambao huku kwetu Kigamboni tunao, tukawauliza: huko kisiwani mlifanyaje kazi, na nani alikuwa anahesabu?

Kwa wasiopajua, Mafia iko kusini mwa hapa petu, mkabala wa midomo ya mto Rufiji. Mji wake ni Kilindoni, na pembeni yake viko visiwa vidogo, Chole, Juani na Jibondo. Wazee hawa walikuja mjini kwa jahazi wakati wa kusi, wamekaa juu ya nazi na mbata.

Kazi ya huko ilikuwa mnazi. Mkwezi alianza alfajiri kabla upepo haujashika, kamba miguuni, panga kiunoni. Juu kule anakuta maji moto wanamsubiri. Wanauma wale, nyinyi mnaokwea mnajua! Lakini wazee wanasema usiwaue, mnazi wenye maji moto ndio unaozaa, kwa kuwa wanafukuza wadudu wanaofyonza nazi changa. Na wataalamu wa utafiti wa minazi nao walikuja kuthibitisha neno hilo hilo.

Nazi zikishaanguka zinakusanywa, zinafuliwa kwenye kifuo, halafu zinapasuliwa na kuanikwa ziwe mbata. Mvua ikinyesha, watu wote mbio kuanua. Makumbi nayo hayatupwi. Hiyo ni kazi ya akina mama. Wanayafukia kwenye tope la pwani, wanaweka mawe juu yasichukuliwe na maji, wanayaacha miezi. Yakishalainika wanayafukua na kuyaponda kwa rungu mpaka ubaki usumba mtupu, ndipo wanasokota kamba. Bibi yetu mmoja alituonyesha viganja vyake. Anasema harufu ya yale makumbi ilikuwa haitoki mikononi hata siku ya sikukuu.

Jibondo kazi ilikuwa nyingine. Kile ni kisiwa cha mawe, maji matamu ni shida, hata mashamba yao walikwenda kulima Juani. Mafundi wake waliunda majahazi bila ramani, kwa jicho na mkono tu, kisha wakaziba nafasi za mbao kwa pamba. Siku za bamvua, maji yakitoka sana, akina mama walishuka mwambani kutafuta pweza.

Ndugu zangu, wazee hawakutuambia kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Minazi mingi ilikuwa ya matajiri wachache. Na kabla ya hapo, wapo babu zao walioilima minazi hiyo wakiwa watumwa, mpaka sheria ilipoufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922. Waliokuja baadaye walilipwa, ndiyo, lakini walilipwa kwa hesabu ya mtu mwingine.

Hapo ndipo mzee wetu mmoja alipotusimulia habari ya kamba. Yeye alikuwa mkwezi na mfuaji kwenye shamba la mtu. Kusoma hajui. Kila akifua nazi mia, anapiga fundo moja kwenye kamba yake ya kiunoni. Jumamosi anakwenda kwa karani na mafundo 12. Karani anafungua daftari, anasema: wewe ni mia tisa. Mzee anaonyesha kamba. Karani anacheka, anasema kamba haiandiki. Nazi ndogo zilihesabiwa mbili kwa moja, na kama kuna nyingine zilikatwa kwa sababu gani, hakuna aliyejua. Anasema hakuwahi kugombana. Ungegombanaje na kitu usichoweza kukisoma?

Kisha Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikachaguliwa wilaya 6 zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka 1971 haujaisha, na Mafia ilikuwa mojawapo. Jioni, kazi ikiisha, mzee wetu akaenda darasani chini ya mwembe, pamoja na mkewe. Anasema vidole vilivyozoea panga vilivunja penseli nyingi. Lakini siku moja alisimama mbele ya karani, akageuza shingo, akaliona jina lake kwenye daftari, na mbele yake tarakimu. Akaisoma kwa sauti. Watu waliokuwa nyuma yake wakanyamaza wote. Anasema tangu Jumamosi ile mafundo na daftari vilianza kupatana.

Hata sisi tunaozungumza nanyi tulijifunza kusoma ukubwani, baada ya kuacha shule kwa ajili ya nyavu. Kwa hiyo habari ile ilituingia.

Sasa turudi kwenye hoja. Vijana wana haki kwamba jua ni kali na foleni ni ndefu. Wala hatusemi mtunza hesabu wetu ni mwizi, hapana. Lakini mnakumbuka msimu huu makuti ya mama mmoja yaliandikwa 40 badala ya 140. Ilikuwa kalamu tu. Lilijulikana kwa sababu lilisomwa, naye akasema hapana, si hivyo. Je, lingekuwa ndani ya simu ya mtu, yule mama angeliona wapi?

Kwa hiyo mapendekezo yetu ni haya. Simu itumike, ni chombo kizuri, lakini daftari libaki na lisomwe. Wasomaji wawe 3, kila mmoja na foleni yake kivulini, na wawe vijana kwa zamu. Asiyejua kusoma asaidiwe na mtu anayemchagua mwenyewe. Na darasa la jioni lianze tena, kwa kuwa wapo wanachama wanaotia dole gumba mpaka leo. Majina yao hatuyataji, nao wanajijua. Waje, hakuna atakayewacheka.

Tutapiga kura mkutano ujao. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee wetu yule kamba yake bado anayo, imetundikwa ukutani kwake. Nyinyi vijana nendeni mkaione kabla ya kupiga kura.