Asilimia Peke Yake Haitoshi: Tupime na Muda

Yafuatayo ni mazungumzo juu ya akiba yaliyoandaliwa kwa ajili ya wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa vya Wilaya ya Lushoto.



Mkulima wa milima ya Usambara hahitaji kufundishwa kwamba mazao hayaivi siku moja. Kabichi huchukua kama miezi mitatu. Mti wa plamu hutaka miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mti wa mbao katika msitu wa kupandwa wa Shume hungojewa miaka mingi zaidi. Hakuna mkulima wa Soni au Mlalo anayeuliza tu, "Lipi lina faida kubwa?" Huuliza pia, "Litaiva lini, na wakati wa kungoja nitakula nini?" La ajabu ni kwamba tukifika kwenye fedha, swali hilo la pili tunalisahau. Tunasikia asilimia, tunaikimbilia iliyo kubwa.

Jambo hili si dogo. Fedha zilizomo katika sanduku la kikundi ni karo ya watoto, ni mbolea, ni nauli ya mgonjwa. Zikifungwa mahali pasipofaa, anayeumia ni mwanachama.

Tuchukue hatifungani za Serikali, ambazo Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa mnada. Ziko za miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na 25. Mwenye kuanzia shilingi milioni moja aweza kushiriki kwa kupitia benki au dalali wa soko. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na fedha za msingi hurudishwa hatifungani inapoiva. Mwezi Aprili 2022 Benki Kuu ilitangaza viwango hivi: miaka 2, asilimia 7.60, miaka 5, asilimia 8.60, miaka 10, asilimia 10.25, miaka 25, asilimia 12.56. Viwango hubadilika, na anayetaka kununua leo hana budi kusoma tangazo la mnada wa leo. Lakini namna ya kuvilinganisha haibadiliki. Ina mambo manne.

Kwanza, vyote viwekwe katika kipimo kimoja, yaani mwaka. Asilimia 3 kwa miezi mitatu si ndogo kuliko asilimia 11 kwa mwaka. Ikipatikana mara nne ni asilimia 12, na faida ikirudishwa kazini kila mara ni zaidi ya 12 na nusu. Lakini angalieni neno hilo "ikipatikana". Kabichi ikipata bei nzuri Kariakoo msimu huu haituahidi misimu mitatu mingine kama huo. Faida ya muda mfupi imefungwa kwa muda huo tu.

Pili, tutazame kodi. Riba ya hatifungani za Serikali za miaka mitatu au zaidi haikatwi kodi ya zuio. Ile ya miaka miwili hukatwa asilimia 10. Kwa hiyo 7.60 humfikia mwenyewe ikiwa 6.84. Tofauti yake na ile ya miaka mitano, ambayo katika tangazo ilikuwa 1.00 kamili, mfukoni ni 1.76. Kisha tuondoe kupanda kwa bei za vitu. Bei zikipanda kwa asilimia 4, aliyepata 6.84 ameongeza uwezo wake wa kununua kwa chini ya asilimia 3.

Tatu, tutazame bei ya kununulia. Hatifungani yenye riba ya asilimia 10 ikinunuliwa sokoni kwa shilingi 90 badala ya 100, mnunuzi hupata riba pamoja na zile shilingi 10 siku ya kuiva. Ikiwa imebakiza miaka miwili, faida yake kwa mwaka yakaribia asilimia 16. Ikiwa imebakiza miaka ishirini, ni kidogo tu zaidi ya asilimia 11. Punguzo ni lile lile, riba ni ile ile. Muda ndio umebadili hesabu.

Nne, tujiulize nani anabeba hatari ya kesho. Aliyenunua hatifungani ya miaka 25 mwaka 2021 alipata kiwango cha asilimia 15.95, naye ataendelea kulipwa hicho hadi iive. Aliyechagua miaka miwili, kwa kudhani kwamba akimaliza ataingia kwenye ile ndefu kwa kiwango kile kile, alikuta mwaka 2022 kimeshushwa kuwa 12.56. Lakini sarafu ina upande wa pili. Viwango vikipanda, bei ya hatifungani ndefu ya zamani hushuka, na anayelazimika kuiuza kabla ya wakati, kwa sababu ya ugonjwa au mvua iliyozidi, hupata hasara. Riba kubwa ya muda mrefu ni ujira wa kungoja. Asiyeweza kungoja asiutamani.

Siku hizi vijana wetu huonyeshwa katika simu masoko ya fedha za kidijitali yasiyo na benki. Humo pia zimo hati zenye tarehe ya kuiva: hununuliwa, tuseme, kwa 95 na kulipa 100 baada ya miezi mitatu. Tangazo huandika "zaidi ya asilimia 22 kwa mwaka", ilhali kilichofungwa ni asilimia 5 na kidogo, kwa miezi mitatu tu. Tena mlipaji si Serikali, ni programu ya kompyuta, na hiyo 100 huenda ikawa ya sarafu ambayo thamani yake yenyewe yapanda na kushuka. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu iliwatahadharisha wananchi juu ya sarafu hizo. Na waliopanda "mbegu" zao DECI, mpaka Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009, wanajua kwamba ahadi ya mavuno si mavuno.

Basi, ndugu wanachama, kikundi kinachogawana akiba kila mwisho wa mwaka kisinunue hatifungani ya miaka 25 kwa fedha hizo za kugawana. Tuzigawe fedha kama tunavyoligawa shamba: za pembejeo na dharura zikae karibu, za karo ya miaka michache ijayo zipewe muda wa kati, zile tu ambazo hatutazigusa, kama za uzeeni, ndizo zifungwe kwa muda mrefu. Na kabla ya kupiga kura, katibu asome mbele ya wote mambo matano: faida kwa mwaka, kodi, bei, tarehe ya kuiva, na nani analipa. Likikosekana moja, fedha zisitoke.