Daftari la Msimamizi Katika Ujenzi wa Njia za Umeme



Nimeombwa kuzungumza juu ya usalama wa kazi za umeme zinazoendelea katika maeneo yetu ya mpakani. Pengine mlitarajia afisa wa polisi azungumzie doria na bunduki. Leo nitazungumzia daftari, yaani lile la msimamizi wa kikosi, ambalo mara nyingi huonwa kuwa karatasi za ofisini tu.

Umeme wetu hausimami kwenye kizuizi cha forodha. Kwa miaka mingi ndugu zetu wa mkoa wa Kagera wamekuwa wakipokea umeme kutoka Masaka kwa njia ya kilovolti 132 inayofika Kyaka. Chuma kikiibwa upande huu, huenda giza likaingia katika wodi ya wazazi upande wa pili.

Mwizi wa mnara haanzi juu. Hufungua bolti za chini na kuondoa vile vyuma vya pembe vinavyounganisha mguu na mguu. Mnara hauanguki siku hiyo. Waweza kusimama wiki kadhaa, kila mpita njia akiuona mzima, mpaka upepo wa mvua uupige. Ukianguka, waya huvuta mnara wa jirani nao ukapinda. Wakati huo chuma kimekwisha kupimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Hapo ndipo daftari linapohitajika. Askari akikikuta chuma hicho dukani, mwenye duka husema alikinunua kwa mtu aliyebomoa banda lake. Mahakama haihukumu kwa dhana. Inamtaka shahidi asimame aseme: chuma hiki ni chetu, kina alama hii, kilitoka ghalani tarehe hii, na jioni hesabu yetu ilipungua. Pasipo shahidi huyo, mtuhumiwa huenda nyumbani, na wananchi husema polisi wamehongwa.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi, asubuhi andika jina la kila mfanyakazi, namba ya kitambulisho chake, kijiji anakolala, na nguzo anayopelekwa. Jioni hesabu vilivyotoka ghalani, vilivyotumika na vilivyorudi. Hesabu pia vipande vya waya vilivyobaki. Wako wanaosema vipande ni takataka. Lakini mtu akiruhusiwa kuondoka na vipande, kesho ataondoka na waya mpya na kuuita kipande. Nakala ya orodha ya majina apewe mwenyekiti wa kijiji, ili akimwona mtu asiyemfahamu juu ya nguzo usiku ajue la kufanya.

Kupanga mishahara si kazi ya polisi. Hata hivyo, kibarua anayezungushwa malipo yake wiki baada ya wiki, huku akilala karibu na ghala lenye mali ya mamilioni, amewekwa mahali pabaya na waliomwajiri. Wizi hauna udhuru kisheria, lakini msimamizi mwenye busara hupeleka madai ya vijana wake kwa mwajiri mapema, kwa maandishi.

Sasa niseme juu ya mashimo, jambo linalowauma wazazi. Kanuni ya mafundi ni kwamba nguzo huzikwa sehemu moja ya kumi ya urefu wake, pamoja na sentimita 60. Nguzo ya mita 12 basi yahitaji shimo la mita 1.8. Hicho ni kina kinachomzidi kimo mtoto wa shule ya msingi. Mvua za Machi hadi Mei zikilijaza, shimo huonekana kama dimbwi la kawaida. Msichimbe leo mashimo ambayo nguzo zake zitafika wiki ijayo. Kama nguzo imechelewa, lifunikeni kwa mbao nzito, lizungushieni uzio, na lisiachwe bila mlinzi saa ambazo watoto hutoka shuleni.

Kuhusu kuzima njia, msimamizi asimpandishe mtu nguzoni kwa sababu ameambiwa kwa simu kwamba umeme umekatwa. Apate kibali cha maandishi, apime mwenyewe, kisha waya ziunganishwe na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi. Jenereta ya duka moja iliyounganishwa vibaya yaweza kurudisha umeme kupitia transfoma mpaka kwenye waya ambayo kila mtu anaamini imekufa. Wenye maduka mnanisikia.

Katika maeneo haya vibarua huvuka mpaka. Uganda, Kenya na Rwanda zimekubaliana raia wao wasafiri kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Kijana anayetoka ng'ambo aje na hati ya kusafiria, na suala la kibali cha kazi lishughulikiwe na mwajiri kwenye ofisi ya uhamiaji kabla hajashika sururu.

Mkimkamata mwizi, msimfungie ghalani, wala msimpige. Mleteni kituoni pamoja na kielelezo na daftari. Sheria inatutaka tumfikishe mahakamani ndani ya saa 48. Mkikaa naye siku mbili mkimhoji wenyewe, mtajikuta nanyi ni washtakiwa.

Mzee mmoja ameniuliza kabla sijasimama: je, mkulima anaruhusiwa kumzuia fundi asiingie shambani? Ibara ya 26 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inataka fidia ya haki ilipwe kabla mali haijachukuliwa. Mwenye shamba ana haki ya kuomba barua ya kazi, kuona jina lake katika orodha ya fidia na kuuliza kiasi kilichoandikwa. Lakini asing'oe alama za wapima wala asishike panga. Amwite mwenyekiti, nao waende pamoja kwa msimamizi. Msimamizi asiye na barua ya kuonyesha asianze kazi siku hiyo. Akilazimisha, pigeni simu 999 au 112, mkitaja kijiji na nguzo iliyo karibu.