Muziki Siyo Anasa: Niliyosema Kwenye Kikao cha Vijana Kawetele

 

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Kawetele, sasa nasoma sheria. Mnaniuliza nilijiandaaje kwenda chuo. Nawaambia ukweli: nusu darasani, nusu kwaya.

Wamoraviani wapo Rungwe tangu 1891, na tarumbeta zao nani hapa hazijui? Kwaya ilinifundisha kusoma noti ubaoni, kumsikiliza mwenzangu na kusubiri zamu yangu. Ukikosea sauti ya pili, mnarudia wote mpaka ikae. Muziki haukunifundisha sheria, hapana. Ila mwaka wa kwanza, kwenye mahakama ya mazoezi, wenzangu waliofaulu kunizidi walisimama wakakauka. Mimi nikavuta pumzi kama kwaya, nikatetea hoja yangu mpaka mwisho.

Sasa swali. Kwa nini niyapate haya kanisani tu? Somo la Muziki lipo, hata mtihani wa kidato cha nne upo. Lakini sekondari niliyosoma haikuwa na mwalimu wala kinanda. Yule asiyeimba kwaya yoyote, yeye apate wapi? Mtaala mpya ulianza Januari 2024, ila mtaala haujifundishi wenyewe.

Basi tusiishie kulalamika. Tumfuate diwani, tumuulize: halmashauri imeomba walimu wangapi wa muziki? Tuulize kwa sauti moja, na akikwepa, turudie mpaka ikae.